Oldsmobile ya Verlin

Muuzaji wa duka la vipuri alizipanga boksi za plagi zilizorudishwa juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti ili foleni nzima isikie. Boksi tatu, plagi nane kila boksi, zote za injini ya aina moja.

"Mama, hebu nikuulize," alisema. Alikuwa jitu la miraba minne, ndevu zimemfika kifuani. "Mzee wako ana magari mangapi huko nyumbani? Jumatatu kaja. Jumatano kaja. Jana kaja tena. Au mnazikaanga?"

Mtu mmoja nyuma ya Nedra Stamper aliguna kwa kicheko. Nedra alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, jikoni kwenye shule ya watoto, na bado alivaa ile kofia ya wavu kichwani. Aliikumbuka kofia sasa hivi, akaivua na kuifinya mkononi.

"Anayo mawili," alidanganya.

"Oldsmobile za mwaka sabini, mbili? Mimi nimezaliwa hapahapa Anderson, na sijaona hata moja ikitembea barabarani."

"Hazitembei."

Foleni ilicheka, na Nedra akacheka nao, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kutoka mle ndani na heshima yake. Jitu lile lilimrudishia hela za boksi mbili. Ya tatu ilikuwa imeshafunguliwa, haikuwezekana. Aliitia kwenye mkoba, akaenda kuketi ndani ya gari lake bila kuwasha, funguo amezifumbata kiganjani.

Si kwamba hakujua. Tangu kiangazi alikuwa anajua, kama mtu anavyojua kwamba paa linavuja lakini kila mvua ikinyesha anasogeza kitanda tu.

*

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba, ya mbao, imeinamia upande wa jirani. Aliyeijenga alikuwa baba yake Verlin, mwaka aliotoka Kentucky kuja kutafuta kazi ya kiwandani. Ndani yake, kwa miaka kumi na tisa sasa, mlikaa Oldsmobile ya milango miwili ambayo Verlin aliinunua kwenye mnada wa shamba, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Hakuwa fundi wa magari. Kiwandani kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashine moja inayokata bati, siku nenda siku rudi, hadi kiwanda kilipofungwa. Ufundi alijifunza vitabuni, na kwa kukosea. Alikwangua kutu kwa mikono mpaka vidole vikachubuka, akachomelea sakafu upya, akapiga msasa, akapaka rangi ya buluu nzito ambayo majirani walikuwa wakija kuitazama Jumapili baada ya kanisa. Injini aliimaliza mwezi wa nne mwaka huu, akisaidiana na Dwight Oglesby, rafiki yake wa tangu kiwandani. Kilichobaki, alimwambia Nedra siku ile, ni kuiwasha tu.

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi. Nedra alipoufungua mlango alimkuta Verlin ameinamia meza ya kazi. Kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti. Plagi nazo zilikuwa nje, zimelala kama risasi.

"Si ulishaifunga hiyo?" Nedra aliuliza.

"Naisafisha."

"Uliisafisha juzi, mpenzi."

"Basi ilichafuka." Hakuinua uso. Alishika kijisumari kidogo cha shaba, akakigeuza, akakiweka, akakishika tena. Mtu huyu alikuwa akijua kila nati ya gari lile mahali pake. Nedra aliona jinsi alivyokitazama kile kijisumari, na akatamani angekuwa hajaingia.

"Dwight ameichukua," Verlin alisema ghafla.

"Amechukua nini?"

"Kabureta yangu. Nzuri. Ameniachia hii takataka."

Dwight mwenyewe alifika kesho yake Jumamosi, kama kawaida, na mfuko wa maandazi na vikombe viwili vya kahawa. Hakufika hata mezani.

"Mwizi haingii kwangu!" Verlin alimpigia kelele. Sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani, ambaye aliacha kufagia majani. "Miaka thelathini nakula na wewe meza moja, kumbe unanivizia!"

"Verlin, kaka, ni mimi."

"Najua ni wewe! Ndiyo maana nasema toka!"

Dwight alikuwa mtu mweusi mrefu, shemasi wa kanisa lake, mtu asiyepandisha sauti. Aliweka maandazi juu ya boneti, akatoka kinyumenyume. Nedra alimkimbilia akamkuta ameshika mlango wa gari lake.

"Msamehe, Dwight. Hana usingizi siku hizi."

"Shemeji, tusidanganyane." Alitazama chini. "Hiyo kabureta nimeifunga mara nne tangu mwezi wa saba. Nakuja wakati mmekwenda kanisani, naifunga. Jumamosi nikirudi, naikuta mezani tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia mimi?"

Walisimama pale barabarani, watu wazima wawili, kila mmoja akiona haya mbele ya mwenzake.

*

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na Verlin alimchukia papo hapo.

"Bwana Stamper, nitakutajia maneno matatu, halafu baadaye nitakuomba uyarudie. Sawa? Tufaha. Meza. Senti."

"Mimi si mtoto wa chekechea."

"Najua. Mwaka huu ni mwaka gani?"

Verlin alimgeukia Nedra. Alitabasamu kama mtu aliyesahau pochi dukani akitaraji mkewe alipe. Nedra alifumbua mdomo, na daktari akainua kidole taratibu kumzuia.

"Ni mwaka... huu huu," Verlin alisema. "Wanabadilisha kila mara."

"Na yale maneno matatu?"

Masikio ya Verlin yaliiva, kisha shingo. Ghafla akajiweka sawa kitini.

"Moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili," alisema, harakaharaka, bila kukwama.

"Samahani?"

"Ndivyo silinda zinavyowaka. Hizo ni nane. Wewe umenipa vitu vitatu tu, tena vya kijinga. Niulize injini."

Daktari aliandika kitu. Alipomwita Nedra pembeni alimweleza ugonjwa kwa jina lake, akampa vijitabu vyenye picha za wazee wanaocheka bustanini. Alisema mambo yatakwenda yakizidi, hakuna anayejua kwa kasi gani. Alisema afiche funguo za gari.

"Lipi?" Nedra aliuliza. Kisha akaona jinsi swali lilivyo la kipuuzi: Oldsmobile ilikuwa haijawaka hata siku moja.

Aliulizia pia kama kuna dawa. Ipo ya kupunguza mwendo, daktari alisema, kwa baadhi ya watu.

Jioni ile Verlin alikuwa gereji, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analia bila sauti. Alikuwa amejaribu kufunga kabureta, na vipande viwili vilibaki. "Ned," alisema, "kitu fulani kimeniharibikia." Ilikuwa mara ya kwanza kukiri, na ikawa ya mwisho. Nedra alipiga magoti kwenye sakafu yenye oili na sketi yake ya kutokea, akakikumbatia kichwa chake. Pale pale ndipo alipokata shauri.

Alimpigia Dwight. "Nisaidie jambo moja tu. Imalizie. Yote. Tia na betri. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa macho, tutachelewa. Akirudi aikute imekwisha, nafsi yake itatulia. Atakuwa amemaliza, Dwight. Unanielewa? Angalau ajue alimaliza."

Dwight aliuliza: "Na akiifungua tena?"

"Hataifungua. Atakuwa anakaa ndani yake tu. Funguo nitazificha mimi."

*

Na kweli, kwa wiki mbili ilikuwa hivyo. Verlin alikuta gari limekamilika, boneti limefungwa, nikeli inang'aa, na hakuuliza nani. Alidhani ni yeye. Akawa anaketi nyuma ya usukani asubuhi hadi mchana, akipangusa dashibodi na kitambaa, akimsimulia Nedra jinsi alivyoipata ile skrubu ngumu ya mwisho. Alikula vizuri. Alimwimbia jikoni. Nedra alizifunga funguo ndani ya soksi, soksi akaitia kwenye kopo la unga, akajiona mwerevu.

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja theluji ya kwanza ilidondoka, na shule ikawaruhusu watu mapema. Nedra aliingiza gari lake uani saa saba mchana. Alipofungua mlango wa gari alisikia mngurumo.

Ulikuwa mzito, wa chinichini, ukimpanda miguuni kutoka ardhini. Alikuwa hajawahi kuusikia, lakini aliujua palepale. Miaka kumi na tisa! Moyo wake uliruka kwa furaha. Baadaye hili ndilo jambo ambalo hakuweza kulisema kwa mtu yeyote, kwamba alisimama kwenye theluji akitabasamu, labda kwa kuhesabu hadi tano, labda hadi kumi. Ndipo alipoona mlango wa gereji umefungwa. Verlin alikuwa ameuzibia baridi, matambara yamepachikwa kwenye nyufa kwa unadhifu, kama alivyofanya kazi zake zote.

Alivuta mlango mpaka kucha zikang'oka. Moshi ulimpiga usoni. Verlin alikuwa ameegemea usukani, mashavu yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza. Hakujua alipata wapi nguvu. Alimshika kwapani akamburuta, viatu vya mzee vikichora mistari miwili kwenye theluji, huku akipiga ukelele mpaka jirani akatokea na simu sikioni.

Ndani, jikoni, unga ulikuwa umemwagwa sakafu nzima. Verlin hakukumbuka mwaka, lakini alikumbuka mahali mkewe alipozoea kuficha vitu tangu walipooana.

*

Hospitali walimrudishia pumzi. Vingine havikurudi. Alitoka baada ya siku tisa akiwa anaburuta mguu, anamwita binti yao kwa jina la dada yake yeye mwenyewe aliyekufa.

Binti huyo, Misty, alikuja kutoka Fort Wayne, akavua koti na kuanza kufungua makabati kama mtu wa bima.

"Mama, gari linaondoka."

"Ndicho kitu pekee alichonacho."

"Ndicho kitu kilichotaka kumuua!"

"Siyo gari." Nedra alikuwa anakatakata kitunguu, akaendelea kukikata hata kilipokwisha kuwa uji. "Ni mimi niliyesema limaliziwe. Lingekuwa bado lipo vipande vipande pale mezani. Angekuwa anafungua na kufungua, ananinunia, anaita watu wezi. Lakini mzima."

Misty angeweza kumwambia mama yake siyo kosa lake. Nedra alimngojea aseme, na Misty alitazama dirishani.

"Unaacha lini kazi?" Misty aliuliza hatimaye.

"Miaka miwili mpaka pensheni. Nikiacha sasa, bima ya dawa zake inakwenda."

"Basi kuna kile kituo cha wazee cha mchana. Nimeuliza. Hakipokei bure. Na mimi, Mama, unaujua mshahara wangu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, pamoja na kitunguu. Hakukuwa na njia ya tatu, na pesa za kituo zilikuwa gereji tu.

*

Mnunuzi aliitwa Preston Hale, wa kule kwenye majumba makubwa kaskazini mwa Indianapolis. Alikuja Jumamosi na trela safi kuliko jiko la Nedra. Alilizunguka gari na tochi ndogo, akalala chini, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole. Dwight alikuwepo. Nedra ndiye aliyemwomba, asije akaibiwa.

"Mtu wa nyumbani kajitahidi," Hale alisema, akijipangusa magoti. "Lakini hii si kazi ya fundi, mama. Ona uchomeleaji huu hapa. Na rangi, samahani, ni ya brashi?"

"Ni ya kupulizwa kwa bomba," Dwight alisema. "Tabaka saba. Nilikuwepo."

"Sijakuuliza wewe, bwana."

Nedra aliona jinsi Dwight alivyolimeza lile tusi kwa ajili yao.

"Kwenye tangazo ulisema elfu thelathini na mbili," Hale aliendelea. "Nitakupa kumi na tisa. Halafu nasikia kuna mtu karibu afie humo ndani. Hayo yanaenea, mama. Wengine hawatakuja kabisa."

Alijua. Mji mdogo, mtu anauliza kituo cha mafuta tu. Nedra alilitazama gari, akatazama nyumba, ambako Misty alikuwa anamshikilia baba yake kwa biskuti na televisheni. Kituo cha wazee kilikuwa kimeshikilia nafasi hadi Jumatatu.

"Ishirini na moja," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba, kama ya kuomba.

"Ishirini. Taslimu, sasa hivi."

Nedra alitia sahihi hati juu ya meza ya kazi, mahali palipokuwa na doa la oili lenye umbo la kabureta. Jina la Verlin lilikuwa hapo pia, lakini sheria iliridhika na sahihi ya mmoja.

Walikuwa wanalisukuma kwenye trela, Hale akiwa ameshika usukani na Dwight peke yake nyuma, ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka na Verlin akatoka na ndara miguuni. Misty alimfuata mbio. "Ameniponyoka, Mama! Ameniponyoka!"

Nedra alikauka. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa ngumi, kwa kilio. Verlin alikuja akiburuta mguu kwenye barafu, akawatazama wote, akatazama gari. Kisha akavua koti, akamkabidhi Nedra, akaweka mabega nyuma ya buti kando ya Dwight.

"Limekuzimikia, siyo?" alimwambia Hale kwa uchangamfu. "Usijali, kijana. Magari haya yana moyo mzuri. Moja, mbili, sukuma!"

Walisukuma. Dwight alikuwa analia waziwazi, na Verlin alimpiga mgongoni, akamwambia asijichoshe. Gari lilipofungwa minyororo kwenye trela, Verlin alizunguka akapitisha kiganja juu ya mlango wa buluu, toka mbele hadi nyuma, polepole.

"Aliyelitengeneza hili alikuwa mtu wa subira," alisema.

Hale alitazama kando. "Ndiyo, mzee," alisema, kwa mara ya kwanza bila kebehi, akaingia kwenye gari lake haraka.

Verlin aliwapungia mkono mpaka walipokata kona. Usiku ule walikula maharage na mkate wa mahindi, akaomba aongezwe. Misty alimfinya mama yake chini ya meza. "Unaona?" alinong'ona. "Hajui hata kidogo. Mungu ametuhurumia." Nedra naye aliamini hivyo, akalala kama jiwe.

*

Asubuhi aliamshwa na polisi.

Alikuwa askari wa kike, kofia mkononi, amesimama uani kando ya Verlin aliyekuwa na nguo za kulalia. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Sakafu ndani ilikuwa tupu, na mistatili minne mikavu mahali yalipokuwa matairi.

"Gari langu," Verlin alikuwa anasema, kila neno mahali pake, kila neno safi. "Oldsmobile. Mwaka sabini. Buluu. Nimelijenga kwa mikono yangu miaka kumi na tisa. Wameingia usiku wamelichukua. Andika, binti. Kwa nini huandiki?"

Askari alimtazama Nedra. Alikuwa ameshaelewa. Lakini mzee alikuwa amepiga simu, namba ya hati ya gari ameitaja kwa kichwa bila kukosea, na ilibidi aulize.

Nedra aliileta karatasi ya mauzo. Angeweza kudanganya, askari angemsaidia kudanganya, alikuwa na uso wa huruma. Lakini Verlin alikwishainyakua. Aliisoma midomo ikitembea. Alipofika chini alibaki hapohapo, kidole juu ya sahihi.

"Ni wewe, Ned?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Hakupiga kelele. Kelele Nedra angezivumilia. Verlin alimtazama tu, kama anamtafuta mtu mwingine mle usoni mwake na hamwoni. "Ungeniambia unahitaji pesa. Ningefanya kazi."

Askari alivaa kofia akaondoka bila kuaga.

Kufika adhuhuri Verlin alikuwa amesahau yote. Alimwita mpenzi, akamuuliza kama shule imefungwa. Jumatatu, alfajiri, kabla basi dogo la kituo cha wazee halijaja kumchukua, Nedra alisikia mlango wa nyuma, kisha hatua kwenye barafu, kisha Verlin akiita kwamba gari limeibwa. Alitoka. Alimwambia. Akaona tena ule uso ukivunjika, upya kabisa, kama haukuwahi kuvunjika jana.

Misty, kwenye simu, alimwambia amdanganye. Liko kwa fundi, sema liko kwa fundi. Nedra alijaribu Jumanne. Verlin alimkodolea macho. "Fundi gani? Fundi ni mimi," alisema, akaanza kuvaa koti kwenda kulitafuta mtaani, kwa mguu ule, kwenye baridi ile, na ilimbidi amwambie kweli ili amrudishe.

Jumatano aliamka kabla yake. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akachemsha kahawa, akamimina vikombe viwili, akavuka ua gizagiza. Alifungua mlango wa gereji mwenyewe na kusimama katikati ya sakafu tupu, ili Verlin akiingia asiikute tupu kabisa. Kahawa ilikuwa inapoa. Alisikia mlango wa jikoni, na ndara, na mguu ukiburuzwa.

"Ned?" alisema Verlin mlangoni. Macho yake yalizunguka kuta. "Ned, gari liko wapi?"

Nedra alimpa kikombe kwanza, akangoja mpaka vidole vyake vimekishika vizuri.

"Nimeliuza, Verlin," alisema.